Nguvu ya Mwenye Soko

Zamani dola ilipotaka kuitiisha dola nyengine ilipeleka marikebu za vita. Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa hayo, kwani Ngome ya Mombasa ingaliko. Lakini iko nguvu nyengine isiyotumia mizinga, nayo ni nguvu ya mwenye soko. Mfano wake ulio karibu nasi ni mambo yaliyopita baina ya Umoja wa Ulaya na viwanda na mashamba ya Thika na Ruiru, ambayo bidhaa zake nyingi hushuka kwetu Kilindini.

Umoja huo ni wa dola 27 zenye watu wapatao milioni 450. Hauna jeshi lake. Ulicho nacho ni mlango: atakaye kuuza ndani sharti akubali masharti ya wenyewe. Na masharti yao ni ya namna mbili. Moja ni kodi ya forodha, ambayo ni nguvu ya mali. Ya pili ni kanuni za namna kitu kilivyolimwa, dawa kilizopulizwa, na walivyotendewa waliokifanyia kazi. Hii ni nguvu ya kuweka kipimo, yaani kumfanya mwenzio apime haki kwa pishi yako.

Tutazame mwaka 2014. Kenya ilikuwa ikiuza Ulaya bila ya kodi. Nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuwa katika majadiliano marefu ya mkataba, na Ulaya ikaweka muda: tarehe 1 Oktoba. Siku ikafika na mkataba haujatimia. Je, ni nani aliyeumia? Si Tanzania, wala Uganda, wala Rwanda, wala Burundi. Hizo zahesabiwa katika nchi zilizo nyuma kabisa kwa uchumi, na Ulaya huzipokelea kila kitu bila ya kodi isipokuwa silaha. Iliyotozwa ni Kenya peke yake. Maua yalitozwa hadi asilimia 8.5, na mananasi ya makopo zaidi ya hayo. Thika ndiko kuliko kiwanda cha mananasi cha Del Monte, na huko huko mpaka Ruiru yako mashamba ya waridi. Na waridi likisha katwa halingoji wanasiasa wakubaliane. Katika mwezi ule ule mkataba ukatiwa saini za awali, na kodi ikaondolewa tarehe 25 Desemba. Hapakutolewa neno la ukali hata moja.

Lakini Tanzania ilikataa kuutia saini mkataba huo mwaka 2016, ikihofia viwanda vyake vichanga, na hoja hiyo si ya kudharauliwa. Kenya na Rwanda zikatia saini. Hatimaye Kenya ikafanya mkataba wake peke yake tarehe 18 Desemba 2023, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Ndani yake Kenya yafungua milango yake kidogo kidogo kwa muda wa miaka 25, na yajifunga kwa ahadi za haki za wafanyakazi na hifadhi ya mazingira. Basi jumuiya yenye kauli moja ilikabiliana na jumuiya isiyokuwa nayo, na natija yake ndiyo hiyo.

Huenda mtu akauliza: kwani kanuni hizo ni mbaya? Jawabu ni kuwa si mbaya zote. Mpuliza dawa anayepewa glavu na barakoa hana sababu ya kuzilalamikia. Miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasib, akikagua mizani na unga, na hakuna aliyemwita dhalimu. Ila muhtasib alikaa katika soko lile lile, akila mkate ule ule.

Chukua kahawa. Ruiru ndiko kuliko utafiti wa kahawa, na mbegu ya Ruiru 11 ilitolewa huko mwaka 1985. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 yakataza kahawa iliyotoka katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na yataka mahali pa kila shamba pajulikane. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Anayewajibishwa na sheria hiyo ni mfanyabiashara anayeingiza kahawa Ulaya. Lakini habari zenyewe hazipatikani ila shambani, na anayetembea vishamba hivyo kimoja kimoja kuzikusanya ni mtu wa chama cha ushirika.