Tahajia ya Kilingala na bei ya habari kwa SMS

Katika makala hii nachunguza habari za kulipia zinazotumwa kwa SMS. Ujumbe mmoja una baiti 140, yaani nafasi ya herufi 160 za kawaida. Ikiingia herufi moja tu isiyomo katika orodha ya msingi, kama ɛ au ɔ ya Kilingala, nafasi hushuka hadi 70. Habari hukatwa vipande, na gharama hupanda. Kiswahili hakina shida hiyo. Lakini mwandishi wa Kilingala akiziacha alama, mɔ́tɔ (moto uwakao), moto (mtu) na motó (kichwa) vyote huandikwa «moto». Habari ikiwa ya maneno matatu, muktadha haumsaidii msomaji aliyelipa. Naona wanaotunga tahajia za lugha zetu wazipime pia kwenye simu.