Samaki wa Mto Sabaki na Tatizo la Fasili za Kamusi

Utangulizi

Mto mmoja una majina matatu. Huanzia katika nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi; ukishaungana na Mto Tsavo huitwa Galana; nao unapokaribia pwani huitwa Sabaki, hadi unapomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kati ya Malindi na Mambrui. Kama jina la mto linavyobadilika, ndivyo wanavyobadilika samaki waishio humo. Makala haya yanaeleza mabadiliko hayo, kisha yanaonyesha kwamba mgawanyo uliozoeleka katika fasili za kamusi, yaani "samaki wa baharini" na "samaki wa maji baridi", hautoshelezi.

Nyongeza na Ubadilishanaji

Wataalamu wa ikolojia ya mito hutambua taratibu mbili kuu. Ya kwanza ni nyongeza. Kadiri mto unavyoteremka, kina huongezeka, makazi huwa ya namna nyingi na chakula huzidi. Kwa hivyo spishi mpya hujiunga na zile zilizotoka juu. Ya pili ni ubadilishanaji: hali ya maji inapogeuka, spishi fulani hutoweka na nyingine kushika nafasi zao.

Taratibu zote mbili zimo katika mto huu. Katika maji baridi ya Galana huishi ningu, kambare na perege. Wakati wa kiangazi maji hupungua na kuacha vidimbwi. Kambare hustahimili kwa kuwa anaweza kuvuta hewa juu ya maji. Mvua za masika zinapofika, ningu hupanda mto kwenda kutaga mayai. Huko chini, chumvi ndiyo hakimu. Kambare hubaki nyuma, perege huvumilia chumvi kwa kiasi fulani, na mahali pa wengine huchukuliwa na samaki watokao baharini.

Hata hivyo, mpaka huo hauna kigingi. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, chumvi huingia ndani ya mto, yakipwa, hurudi. Mafuriko ya masika nayo huisukuma chumvi hadi baharini. Samaki hufuata maji, hawafuati ramani.

Wasiotii Mpaka

Tatizo la fasili hujitokeza zaidi kwa viumbe wanaoishi pande zote mbili. Mkizi, ambaye mruko wake umezaa methali "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi", hutaga baharini, lakini wachanga wake huingia katika milango ya mito. Mwatiko pia huzaliwa baharini na kukulia katika maji ya kina kifupi yenye mikoko; ndiyo sababu wafugaji wa Kilifi huweza kukusanya vifaranga wake pwani na kuwalea katika mabwawa. Kamba wa Ghuba ya Ungwana hufuata mkondo huohuo wa maisha.

Mkunga ana utata zaidi. Jina hili hutumiwa kwa samaki wenye umbo la nyoka. Wapo wanaoishi katika matumbawe maisha yao yote. Wapo pia wanaozaliwa mbali baharini, wakaingia mtoni wangali wadogo, wakapanda hata miamba yenye majimaji, wakaishi huko miaka mingi, kisha wakarudi baharini kuzaa mara moja na kufa. Je, huyu ni samaki wa baharini au wa maji baridi?

Neno "mto" lenyewe lina utata katika pwani hii, kwani huweza kutajia hata mkono wa bahari. Lakini hori la Kilifi na lile la Mida si kama Sabaki. Mida haina mto mkubwa unaoingia humo. Samaki wake hutegemea zaidi mikoko, majani ya bahari na maji yanayojaa na kupwa. Sabaki huleta maji baridi na matope mengi, na matope hayo huteua nani aweze kuishi mlangoni mwake.

Athari za Mabadiliko

Utafiti wa matumbawe ya Malindi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mmomonyoko wa udongo uliongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ya bara ilipozidi kulimwa. Shamba la Machakos, kwa hivyo, lina uhusiano na samaki wa Malindi. Aidha, mwaka 2018 ulianza ujenzi wa Bwawa la Thwake katika Mto Athi. Ukuta wa bwawa huweza kumzuia mkunga, ambaye maisha yake yanahitaji njia isiyokatika kutoka bahari hadi bara. Anayemwita "samaki wa maji baridi" tu hawezi kuona hatari hiyo.

Hitimisho

Fasili isemayo "aina ya samaki" haimwongezei msomaji maarifa. Inapendekezwa kwamba kidahizo cha samaki kieleze anakozaliwa, anakokulia na anakovuliwa. Maarifa hayo wanayo wavuvi wa Malindi, Mambrui na Kilifi, na mengi hayajaandikwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuyakusanya kwa kuuliza swali moja zaidi baada ya kupewa jina: samaki huyu hutoka wapi, na huenda wapi?