SOMO KWA VYAMA: Kuchagua Mavazi ya Kinga ya Mwendesha Pikipiki

Katika Mkoa wa Dodoma, pikipiki ni chombo cha kazi cha ushirika. Katibu huenda nayo kukagua maghala ya alizeti na ufuta, na afisa ugani huitumia kuwafikia wakulima wa zabibu. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchini, na uzinduzi wa kazi hiyo ulifanyika mjini Dodoma. Lakini pikipiki iliyonunuliwa pasipo mavazi ya kinga ni ununuzi ambao haujakamilika. Somo hili linaeleza namna ya kuyachagua.

Hatari za njia zetu

Mavazi huchaguliwa kwa kuitazama njia. Wakati wa kiangazi, mchanga hujaa katika mito iliyokauka, na gurudumu la mbele huzama ghafla. Vumbi hufumba macho, na matawi ya migunga huning'inia juu ya njia. Wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, udongo mweusi wa mbuga za Bahi huteleza, na huko Kondoa makorongo hukata njia. Mifugo nayo huvuka bila taarifa. Mtu huweza kuanguka kwa mwendo mdogo kabisa, akavunjika kifundo cha mguu au kiganja, au akapigiza kichwa juu ya jiwe.

Kofia ngumu

Kichwa hutangulia. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, askari na mwandishi wa Kiingereza, alianguka na pikipiki bila kofia ngumu, akafariki siku chache baadaye. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Mwaka 1941 Cairns alichapisha uchunguzi wake juu ya askari waliopeleka barua kwa pikipiki, akaonyesha kwamba kofia huokoa maisha. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2008 yalikadiria kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Katika nchi yetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaamuru kofia ivaliwe.

Hata hivyo, si kila kofia hufaa. Kofia ya mafundi ujenzi haikutengenezwa kwa kazi hii. Kofia inayofunika utosi peke yake huacha taya na uso wazi. Inayofaa zaidi ni ile inayofunika kidevu pia. Mnunuzi atazame ndani: chini ya kitambaa liwepo tabaka nene la povu gumu, mfano wa lile linalofungiwa redio mpya, kwa kuwa hilo ndilo linalopokea pigo. Alama ya herufi E ndani ya duara huonyesha kipimo cha Umoja wa Mataifa. Lakini alama huweza kughushiwa, hivyo ukaguzi wa mkono usiachwe.

Kisha ipimwe kichwani. Utepe wa fundi cherehani uzungushwe juu kidogo ya nyusi ili kupata saizi. Kofia ibane mashavu bila kuumiza. Ukanda ukiisha kufungwa, kofia isukumwe kutoka kisogoni kuelekea mbele; ikivuka paji la uso, ni kubwa mno. Kofia iliyokwisha kupata pigo kubwa haifai tena, ijapokuwa nje inaonekana nzima, kwa sababu povu lake limekwisha kubonyea.

Miguu, mikono, macho na magoti

Katambuga hustahimili miiba, lakini haziukingi mguu unaobanwa chini ya pikipiki. Mabuti ya mpira huzuia tope, ila hayashiki kifundo. Viatu vifaavyo ni buti za ngozi zinazopita kifundo, zenye ncha ngumu na soli isiyopindika kwa urahisi. Kamba zake zifichwe zisinaswe.

Mtu aangukapo hutanguliza mikono. Kwa hiyo glovu za ngozi zinazofungwa kiganjani ni za lazima. Macho yakingwe kwa miwani inayoziba vumbi pembeni. Kioo cheusi kisitumike usiku. Kinga za magoti na viwiko zifungwe imara zisizunguke. Suruali iwe ya kitambaa kizito na iufunike mguu hadi chini, kwani bomba la moshi huunguza. Koti liwe na mikono mirefu, rangi ya kuonekana, na matundu ya hewa. Koti lenye joto mno huishia kutundikwa msumarini.

Wajibu wa Bodi

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Basi gharama ya mavazi iingizwe katika bajeti pamoja na bei ya pikipiki yenyewe, na vifaa viandikwe katika rejesta ya mali. Kofia moja ya chama haiwezi kuwatosha watu watatu wenye vichwa tofauti. Kila mwendeshaji apimwe yake, na abiria awe na yake. Fedha zikipungua, utaratibu uwe huu: kofia, viatu, glovu, miwani, kisha kinga za magoti na viwiko.

Pikipiki ikiharibika hupelekwa kwa fundi. Karani akivunjika, mizani husimama msimu mzima, na nyumba yake hukosa mlezi.

Maswali ya kujadili

1. Njia za chama chenu zina hatari zipi, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua?
2. Je, kofia za chama zinawaenea wanaozitumia? Zipimeni mkutanoni.
3. Bajeti ijayo itenge kiasi gani kwa mavazi ya kinga?