Kutoka Ipililo kwenda kuishi Unguja

SWALI: Naishi Ipililo, mkoani Simiyu, na nimepata kazi hotelini Unguja. Nchi ni moja, lakini nasikia maisha ya huko yana mambo yake. Nijiandae vipi?

JIBU: Fedha ni ileile, ila umeme ni wa ZECO, si TANESCO; badala ya LUKU utanunua Tukuza. Namba za magari huanza na Z, si T. Bandarini mizigo hukaguliwa, kwa hiyo usishangae mfuko wako wa michembe ukipekuliwa. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana. Hata kama hufungi, usile hadharani. Kubwa zaidi, ukishapata chumba, nenda kwa sheha ukajitambulishe. Yeye ndiye msimamizi wa shehia, na shida nyingi za mkazi huanzia kwake.