KOMPYUTA YA CHAMA NA KAZI ZAKE ZA KILA SIKU

Kila mfugaji ajua kwamba siku ya josho haingoji mtu. Juma moja likirukwa, kupe hupata nafasi, na ndigana kali yaweza kuingia bomani. Kazi za kompyuta ya chama cha ushirika ni vivyo hivyo. Hesabu ya maziwa, nakala ya akiba ya daftari, na habari zinazopelekwa kwenye simu za wanachama hufaa tu zikifanywa kwa wakati wake. Somo hili ni la makarani hasa, lakini mwanachama naye alisome, maana fedha zinazosemwa ni zake.

Katika kompyuta zinazotumia Unix, au Linux iliyo jamaa yake, mna programu iitwayo cron, jina lililotoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya wakati. Ilikuwamo katika Unix toleo la saba, lililotolewa Marekani mwaka 1979. Kila dakika huamka, hutazama orodha iliyoandikiwa, na kazi ambayo saa yake imefika huianzisha.

Kila kazi huandikwa katika mstari mmoja, na mbele yake huwekwa mafungu matano: dakika, saa, tarehe, mwezi, na siku ya juma. Penye kinyota maana yake ni "kila". Basi tukitaka nakala ya daftari ifanywe kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni, twaandika hivi:

30 18 * * *

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Saa zetu huanza kuhesabiwa asubuhi, lakini za kompyuta huanza usiku wa manane na kwenda hadi 23. Saa kumi na mbili asubuhi ni 6. Saa mbili usiku ni 20. Siku nazo zina mtego. Kwetu Jumamosi ni ya mosi na Jumatatu ni ya tatu, lakini kwa cron Jumapili ni 0, Jumatatu ni 1, na Jumamosi ni 6. Karani akiandika 3 akidhani ni Jumatatu, kazi itafanywa Jumatano.

Tena kompyuta nyingi za kukodi zilizo mbali hufuata saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Tuseme chama cha upande wa Njoro kinataka orodha ya wapeleka maziwa iwe tayari saa kumi na mbili asubuhi, kabla lori halijaondoka. Karani ameandika 6. Mashini ikiwa ya Greenwich, orodha itatoka saa tatu, na lori limekwisha kwenda. Aandike 3, au aitengeneze mashini ifuate saa ya Nairobi.

Malipo ya mwisho wa mwezi yataka uangalifu zaidi. Ukiandika tarehe 31, hesabu haitafanywa Februari, Aprili, Juni, Septemba wala Novemba, na miezi hiyo mitano wanachama watauliza fedha zao ziko wapi. Afadhali tarehe 1 saa saba usiku, kuhesabu mwezi uliopita:

0 1 1 * *

Wala usijaze tarehe na siku ya juma pamoja bila kufikiri. Ukiandika tarehe 15 na Ijumaa, cron haingoji Ijumaa iliyo tarehe 15. Hufanya kazi kila tarehe 15, na kila Ijumaa pia. Kama kazi hiyo ni kulipa, hasara yake mwaijua.

Halafu kuna umeme. Mashini ikiwa imezimika saa ya kazi ilipofika, cron haitairudia itakapowashwa. Iko programu nyingine, anacron, ambayo hukumbuka kazi zilizopita na kuzifanya baadaye. Lakini huhesabu siku tu, si saa wala dakika. Yafaa kwa nakala za akiba, haifai kwa lori la alfajiri.

Mwisho, kila kazi iandikishwe katika daftari la mashini saa iliyoanza na kama imefaulu, na karani alisome kila asubuhi kabla ya kupima maziwa. Mara moja kwa mwezi afungue nakala ya akiba, atafute jina la mwanachama mmoja, na alinganishe kilo zake na kadi aliyonayo mkononi.