Dondoo muhimu: Kumtafuta mshauri wa ndoa kwa njia ya intaneti nchini Marekani

Mume na mke wakaao Marekani, ambao mmoja wao huyanena ya moyoni kwa Kiswahili na mwenziwe kwa Kiingereza, hawana budi kwanza kuhakikisha kwamba mshauri wa ndoa na familia waliyemchagua ana leseni ya jimbo lile lile watakamokuwamo wakati wa mazungumzo. Kwani leseni za kazi hii hutolewa na kila jimbo peke yake, na aliyeidhinishwa Texas hapati, kwa hilo tu, ruhusa ya kumhudumia aliyehamia Ohio. Tazameni jina la mshauri wenu katika tovuti ya bodi ya leseni ya jimbo mlimo.

Muulizeni pia kama amepata kutoa ushauri kwa lugha zote mbili, maana kuamkiana ni jambo moja, na kufahamu ghadhabu, haya na huzuni ya wanandoa ni jambo jingine. Ikilazimu awepo mkalimani, asiwe mtoto wenu abadan: ni dhuluma kumtwika mtoto siri za wazazi wake.

Siku ya miadi jitengeni faraghani, na mpeni mshauri anwani ya mahali mlipo pamoja na nambari ya simu ya jamaa wa kuitwa penye dharura. Kikao kwa desturi huchukua kama dakika 50.

Ama nyumba yenye kipigo au vitisho, msianze pamoja. Anayedhulumiwa na aombe kuzungumza peke yake, kwa simu isiyochunguzwa na mwenziwe, na akiwa hatarini apige 911.