KUSOMEA SANAA YA KUCHAPA PICHA

Wengi mnaosubiri safari ya Marekani mmeuliza juu ya shahada ya sanaa, upande wa kuchapa picha. Kwa kawaida ni miaka 4, yapata krediti 120. Sehemu kubwa ni kazi ya mikono: kuchonga ubao, kuchora juu ya jiwe, kuchimba bamba la shaba kwa asidi. Mwaka wa mwisho unaonyesha kazi zako hadharani.

Cheti cha sekondari peke yake hakitoshi. Vyuo vingi hutaka pia mkusanyo wa kazi, mara nyingi 10 hadi 20. Basi usingoje ndege. Chonga soli ya kandambili kuukuu, paka wino, laza karatasi, sugua kwa mgongo wa kijiko. Herufi uzichonge kinyume (mimi nilisahau, jina langu likatoka kigeugeu). Kila nakala iandike kwa penseli 1/5, 2/5, kisha sahihi. Mvua isizifikie.